Mbwa aliyegongwa na moto (pikipiki): ile ibuprofeni usimpe

Ndugu wa Kadutu, kule Bukavu, umeuliza kama unaweza kumpa nusu kidonge cha ibuprofeni ya mg 400 yule mbwa wa mtaani aliyegongwa na moto juzi, maana analia usiku na paja limevimba. Usimpe. Hata robo usimpe. Nakujibu kwa urefu kwa sababu mimi nilimpa wangu, hapa Goma, na siku ya nne nikamzika.

Alikuwa jike wa rangi ya mchanga, kilo 12 hivi, hana mwenyewe, akilala nyuma ya vibanda vya Ndosho. Moto ilimgonga jioni. Nikambeba kwa gunia hadi uani kwetu, nikakificha kidonge ndani ya tonge la fufu lenye mchuzi wa dagaa wa sambaza, akameza. Usiku ule alitulia, nikafurahi. Asubuhi nikampa cha pili, na jioni cha tatu.

Kesho yake alikataa chakula, akatapika kitu kama machicha ya kahawa. Kinyesi sikukiona. Unazijua nyua za Goma: chini kote ni mawe meusi ya volkano, na kinyesi chake kilikuwa cheusi vilevile. Nilipomlaza juu ya mfuko mweupe wa unga ndipo nikakiona, kinanata kama lami, na nilipokimwagia maji kikatoa wekundu. Ilikuwa damu ya tumboni.

Daktari wa mifugo niliyempata siku zote hutibu ng'ombe na mbuzi, lakini alikuja. Akainua mdomo wa juu wa mbwa, akabonyeza ufizi kwa kidole: mweupe kabisa. Akatoa sindano, halafu akaniuliza, "Mulimupatia dawa gani?" Nikasita. Niliona aibu. Nilipomwambia, akairudisha ile sindano sandukuni. Ilikuwa dawa ya maumivu ya mbwa, ya jamii moja na ile niliyompa, na kuipandisha juu yake kungezidisha kuvuja damu. Ningenyamaza, angemchoma. Kwa hiyo, kama umeshampa chochote, taja jina, miligramu na saa, hata kama unaona haya.

Alinieleza hivi. Ibuprofeni na diklofenaki zinazuia kemikali inayoleta maumivu na uvimbe, lakini kemikali hiyohiyo ndiyo inayolinda ngozi ya ndani ya tumbo na kufungulia figo njia ya damu. Mbwa aliyegongwa, aliyepoteza damu na hajanywa maji, figo zake zinaitegemea kuliko za mbwa mzima. Ukiikata, unamkata pale aliposhikilia uhai. Tena mwili wake hauitoi dawa kama wetu: inapitia kwenye nyongo na kurudi utumboni, inazunguka. Piga hesabu mwenyewe. Mtu wa kilo 70 akimeza mg 400, anapata chini ya mg 6 kwa kilo. Mbwa wangu wa kilo 12 alipata zaidi ya 33, mara tatu.

Parasetamoli usidhani ni nafuu. Ikizidi inaharibu ini la mbwa, na paka ndiyo kabisa, nusu kidonge inaweza kumuua. Na vidonge vingi tunavyouziwa kimoja kimoja vimefungwa kwa kikaratasi huwa ni mchanganyiko, diklofenaki na parasetamoli pamoja, wala hujui umeshika nini.

Sasa la kufanya usiku huu. Mbwa mwenye maumivu anauma hata anayempenda, na kichaa cha mbwa kipo kwetu. Mfunge mdomo kwa kitambaa kabla ya kumgusa, isipokuwa kama anatapika au anahema kwa shida. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo. Mhamishe akiwa juu ya ubao, usimnyanyue kwa miguu. Damu ikitoka, kandamiza kitambaa safi bila kuchungulia kila mara. Kidonda kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko cha chai cha chumvi. Spiriti, mafuta machafu ya gari, unga wa vidonge, vyote hapana. Mpe maji kidogo kidogo, mfunike, mweke pasipo na upepo. Paja usilinyooshe wala kulifunga mti.

Watakaokushauri kumtapisha kwa maji ya chumvi kama ameshameza, wasikilize kwa adabu na usifanye. Chumvi yenyewe ni sumu kwake. Maziwa nayo hayaiondoi dawa.

Kwa daktari wa mifugo piga simu kwanza, uulize kama ana dawa ya maumivu inayopimwa kwa kilo za mbwa. Meloksikamu ipo ya mbwa, na tramadoli daktari anaweza kuipima mwenyewe. Ukiambiwa hawana, uliza kwenye duka la dawa za mifugo nani anatibu mbwa. Mimi jina la daktari nililipata huko.

Na sasa hivi, kabla hujalala, inua mdomo wake uangalie ufizi kwa tochi ya simu. Ukibonyeza na rangi ya waridi ikarudi upesi, pengine anaweza kungoja asubuhi. Ufizi ukiwa mweupe, mpeleke kwa daktari usiku huuhuu, halafu utuandikie hapa amefikaje.