Alilazwa kwa virusi vya kifua, mbona tena wakamchoma antibayotiki?

SWALI: Dokta shikamoo. Mwanangu ana miezi 8, tunakaa Makorora hapa Tanga. Alianza na mafua tu halafu kifua kikawa kinakoroma, nikamkimbiza hospitali wakamlaza wakamuwekea oksijeni, daktari akasema ni virusi, antibayotiki hazihitajiki. Siku ya tatu homa ikapanda sana na akawa hataki hata ziwa, wakamtoa damu wakaitia kwenye chupa wanasema wanaenda kuiotesha waone kama kuna bakteria, na hapohapo wakaanza sindano. Majibu yametoka hakuna kilichoota, wamesimamisha sindano na mtoto anacheza alhamdulillah. Ila shangazi yake kashikilia kwamba walimchelewesha, wangemchoma tangu siku ya kwanza. Mi nimebaki njia panda.
Mama wa Makorora

JIBU: Marahaba mama, na pole sana, kumuona mtoto ananyonya hewa kwa shida ni jambo zito. Kwa ulivyoeleza, sioni uzembe hapo, mwambie shangazi atulie.

Virusi vya kifua kama RSV antibayotiki haziviui, hata uchome wiki nzima. Na mtoto aliyelazwa kwa virusi hivyo kukutwa na bakteria kwenye damu wakati huohuo ni nadra, kwenye tafiti za nchi tajiri ni chini ya mmoja kati ya 100. Ukimchoma kila mtoto wa wodi sindano ili umpate huyo mmoja, wengine unawaharisha bure na unawafundisha bakteria usugu, halafu siku mtoto anaumwa kweli dawa haimshiki, na hili naliona linazidi kila mwaka.

Lakini nadra si kwamba haipo. Virusi vinachubua njia ya hewa, bakteria kama nyumokokasi wanaokaa puani wanapata upenyo wa kushuka kwenye mapafu na wakati mwingine kuingia kwenye damu. Hatari inapanda kwa kichanga wa chini ya miezi mitatu, mwenye tatizo la moyo la kuzaliwa nalo, sikoseli, VVU, utapiamlo, au aliye ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi. Na huku kwetu kuna malaria, hiyo nayo inawafungulia mlango bakteria wa jamii ya Salmonela. Pale Muheza, hospitali ya Teule, watafiti waliangalia watoto zaidi ya 3,600 waliolazwa na homa mwaka 2006 hadi 2007, wakakuta karibu 9 kati ya 100 wana maambukizi makali ya bakteria, yaani kwenye damu au uti wa mgongo. Hao ni watoto wa homa za kila aina, si wa virusi vya kifua peke yake, lakini ndo maana daktari wa Tanga hawezi kuchukulia poa homa iliyobadilika ghafla.

Na ya mwanao ilibadilika. Homa kupanda siku ya tatu, ziwa kukataa, hapo daktari anatakiwa kuchukua damu KWANZA kisha aanze dawa bila kungoja, kwa sababu majibu ya kuotesha yanachukua siku moja hadi tano na mtoto hawezi kusubiri. Wengi wenye bakteria kweli huota ndani ya siku mbili hivi. Hakikuota kitu, mtoto kachangamka, wakasimamisha, hivyo ndo inavyotakiwa. Ila usimpe amoksilini ya dukani kabla ya kwenda hospitali jamani, inaweza kuwazuia bakteria kuota, majibu yanatoka safi kumbe wapo.

Kikohozi kinaweza kuendelea wiki mbili au zaidi, hicho kisikutishe. Mhesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia, kwa umri wake zikifika 50 au zaidi, au mbavu zinabonyea ndani, au hanyonyi, amelegea haamki vizuri, ana degedege, midomo imekuwa ya bluu, usingoje asubuhi, chukua bodaboda uende usiku huohuo. Halafu angalia kadi ya kliniki, chanjo ya nyumokokasi inatolewa wiki ya 6, 10 na 14, kama kuna iliyorukwa mpeleke wiki hii akamaliziwe.