Mti Usio na Ndugu

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, tulikuwa tumeshamwaga karibu nusu ya slabu ya kwanza ya jengo la orofa nne upande wa Kasarani, hapa Nairobi. Miksa inanguruma, wilibaro zinapita juu ya mbao, na mimi niko juu napima unene wa zege kwa kijiti. Mzee mmoja, fundi wa mbao aliyefunga fomu, yaani kitanda cha mbao kinachobeba zege mpaka likomae, akaja akanivuta mkono wa shati. Hakupiga kelele. Tulishuka, akanipeleka hadi safu ya tatu ya propu, ile miti inayoegemeza fomu kutoka chini, akasema, "Injinia, angalia hii mti. Asubuhi ilikuwa imenyooka."

Ulikuwa mti wa bluegum wa mita 4.5. Chini umekaa sawasawa juu ya kipande cha mbao, juu umebana fomu, na katikati, juu kidogo ya kichwa changu, umetoa tumbo. Nilisimama ubavuni nikafumba jicho moja, nikakadiria sentimita nne. Kila wilibaro ilipopita juu yetu, lile tumbo lilitoka kidogo likarudi. Kisha ikapita moja, na tumbo halikurudi lote.

"Mzee, ni huu tu?"

Akanionyesha mwingine kwa kidole, na mwingine nyuma yake. "Hizi miti hazina ndugu," akasema. "Kila moja imesimama peke yake."

Tulizima miksa. Vijana wakashuka mmoja mmoja kwa ngazi ya upande ambao bado haukuwa na zege, bila kukimbia, kwa sababu hata kukimbia ni mzigo. Tulikaa nje kama nusu saa tukiangalia. Miti ilipotulia, mzee na wenzake wawili walianza kupigilia mbao za sita kwa moja kuanzia pembeni, kwenye miti iliyokuwa bado imenyooka, wakafunga kila safu kwenye nguzo za zege zilizokuwa zimekwisha kukomaa, wakasogea ndani hatua kwa hatua. Hakuna aliyeruhusiwa kupita chini ya zile zilizopinda mpaka kando yake pawe na mti mwingine uliofungwa. Slabu tuliikatia hapo hapo, tukaacha kiungo, tukamalizia siku nyingine. Hakuna aliyeumia.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimepiga hesabu. Ndiyo maana jambo hili liliniuma, na ndiyo maana naliandika kwa ajili yako wewe mhandisi kijana, wewe msimamizi wa mjengo, na wewe unayejenga kwa pesa ya chama ukitegemea kwamba sisi tunajua tunachofanya.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Slabu ni ya sentimita 20. Zege lenye vyuma lina uzito wa karibu kilo 2,500 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo mita moja ya mraba ya slabu ni kilo 500. Watu, wilibaro na vyombo, kilo 150. Mbao za fomu, kilo 50. Jumla 700. Propu zimepangwa kila baada ya sentimita 90 pande zote mbili, hivyo kila mti unabeba mita za mraba 0.81, yaani kilo 567. Mti wenyewe una kipenyo cha sentimita 7.5, na kuuponda mti wa unene huo kwa kuukandamiza kutoka juu kunahitaji kama tani 9. Nikalinganisha kilo 567 na tani 9, nikafunga daftari nikalala.

Swali nililouliza lilikuwa la mti mfupi: itachukua nini kuuponda? Mti mrefu mwembamba hauwahi kufika kwenye kupondwa. Kabla ya hapo hukimbilia ubavuni. Kama huniamini, chukua njiti ya mshikaki, isimamishe mezani, uikandamize kwa kiganja polepole. Itakaa imara, imara, imara, halafu ghafla itachomoka upande mmoja. Hukuiponda. Sasa ivunje katikati, chukua nusu moja, ujaribu tena. Kiganja kitaanza kukuuma kabla njiti haijapinda. Ni mti ule ule, unene ule ule. Kilichobadilika ni urefu.

Jambo hili lilipewa hesabu yake mwaka 1744 na Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi, na mpaka leo kila mwanafunzi wa uhandisi huikariri fomula yake. Nami niliikariri. Nilichokuwa sijakiona, miaka yote hiyo, ni kitu kisichokuwamo ndani yake: nguvu ya mti ya kuhimili kupondwa haimo kabisa. Kuna ugumu wa mti, yaani jinsi unavyokataa kupinda, kuna umbo la unene wake, na kuna urefu. Na urefu unahesabiwa kwa mraba. Ukiuzidisha mara mbili, uwezo unashuka hadi robo.

Kazi niliyokuwa nimemaliza kabla ya ile ya Kasarani ilikuwa na orofa za mita 2.7. Kwa urefu huo, mti wa sentimita 7.5 ulionyooka unaweza kufika kama kilo 1,700 kabla ya kutoa tumbo. Dhidi ya kilo 567, tulikuwa salama mara tatu, na hakuna aliyejua kwamba usalama huo ulitokana na ufupi. Kasarani orofa ya chini ilikuwa ya maduka, mwenye jengo alitaka dari la juu, mita 4.5. Tukahamisha mpango ule ule wa propu, nafasi ile ile, miti ya unene ule ule. Uwezo ulikuwa umeshuka hadi kilo 620 hivi. Na hizo 620 ni za mti ulionyooka kama uzi. Nani aliwahi kuiona bluegum ya namna hiyo kwa muuza miti? Isitoshe, unene wa mti unahesabiwa kwa kuzidishwa wenyewe mara nne: mti wa sentimita 6 badala ya 7.5 unabaki na asilimia 41 tu ya uwezo. Katika lori moja la miti hutakosa ya sentimita 6. Kwa hiyo palikuwa na miti pale iliyostahili kubeba kilo 250, nami nimeitwika 567, na ikasimama kwa sababu majirani walikuwa wameibebea kimya kimya.

Sasa angalia dawa ilivyo rahisi. Ukiushika mti wa mita 4.5 katikati, pande zote mbili, unakuwa miti miwili ya mita 2.25 iliyopandana. Uwezo unapanda hadi karibu kilo 2,500. Mbao mbili na misumari. Wala kinachoushika hakihitaji nguvu kubwa. Kwa desturi wahandisi hukadiria kama asilimia 2 ya mzigo unaoshuka. Kwa mti wangu hiyo ni kilo 11 au 12, uzito wa ndoo ya maji isiyojaa. Uhai wa slabu nzima ulikuwa unategemea ndoo ya maji, na sikuwa nimeichora.

Hapa pana kosa ambalo naliona kila wiki. Mafundi wanaambiwa wafunge miti, wanaifunga: mbao za kulala zinatoka mti huu hadi ule, safi kabisa, safu nzima. Lakini safu yenyewe haijashikwa na kitu. Miti yote imeshikana mikono na yote inaweza kuinama pamoja, upande mmoja, kama watu waliolala kwenye matatu inayopiga kona. Lazima pawe na mbao za mshazari zinazoshuka hadi chini, au safu ifungwe kwenye nguzo ya zege iliyokomaa au ukuta usiosogea. Ukiona mbao za kulala tu, fuata kila moja kwa macho hadi mwisho wake ujiulize imeshika nini. Kama imeshika hewa, bado hujafunga.

Tangu siku ile swali ninalouliza juu ya kila kitu kinachokandamizwa ni moja: nani amekishika ubavuni, naye ameshikwa na nani? Limenifaa mahali pengi ambapo sikulitarajia.

Ringi za nguzo, kwa mfano, vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kwenye vyuma virefu vya nguzo. Mafundi wengi hapa Nairobi wanaamini ringi ni za kushikilia vyuma visianguke wakati wa kumwaga zege, kwa hiyo wakishaona vyuma vimesimama, ringi zinaanza kutawanyika: sentimita 20, 25, 30. Lakini chuma kilicho ndani ya nguzo nacho ni mti mwembamba uliotwikwa mzigo, na ringi ndiyo ndugu yake. Kwa BS 8110, kanuni ya Uingereza ambayo wengi wetu tulilelewa nayo, ringi zisiachane zaidi ya mara 12 ya kipenyo cha chuma chembamba zaidi kinachobeba mgandamizo. Kwa chuma cha milimita 16 hiyo ni milimita 192. Ukiacha 300, urefu usioshikwa umezidi mara moja na nusu, na uwezo wa chuma hicho kukataa kutoa tumbo umegawanywa kwa zaidi ya mbili. Akiba yake ni ringi chache kwa kila nguzo. Nikikuta zimeachana nakataa kumwaga.

Au mwenye duka wa mjini aliyeniita kuangalia jengo la zamani. Alitaka kuondoa sakafu ya kati ili duka liwe refu na zuri. "Sakafu hiyo haibebi kitu, injinia, ni ya stoo tu," akaniambia. Alikuwa sahihi kwamba haikubeba kitu. Lakini ilikuwa imezishika nguzo. Zilikuwa na upana wa sentimita 20 upande mwembamba, na kati ya sakafu na sakafu ni mita 2.9: urefu mara 14.5 ya upana. Kwa kanuni ile ile, nguzo ya jengo lililozuiwa kuyumba huitwa fupi, yaani isiyotiliwa shaka ya kutoa tumbo, ikiwa chini ya 15. Ondoa sakafu, zinakuwa za mita 5.8, mara 29 ya upana, na hujaongeza hata kilo moja juu yake. Nilimwambia aache. Alikasirika, na namwelewa, kwa sababu hakuna kitu cha kumwonyesha. Nguzo zilikuwa zimenyooka, hazina ufa.

Mapaa ya chuma ya makanisa na maghala nayo yana jambo lake, nitaligusa kidogo tu. Chuma cha chini cha kenchi huvutwa siku zote kwa uzito wa paa, na kitu kinachovutwa hakitoi tumbo, kwa hiyo wengi hukiacha bila kukishika. Kisha unakuja upepo mkali unaonyanyua mabati, na kwa dakika chache chuma kile kile kinakandamizwa. Kiulizie ndugu zake kabla ya siku hiyo.

Mjini kwetu jengo likianguka, na tumezika wengi, mtaa wa Huruma mwaka 2016 peke yake zaidi ya 40, maongezi huwa ya saruji kidogo na vyuma vyembamba. Ni maongezi ya haki. Lakini naogopa yanatufundisha kwamba ukinunua saruji nzuri na chuma kinene umemaliza. Daraja la Quebec kule Kanada lilikuwa la chuma kingi mno, na tarehe 29 Agosti 1907 lilianguka likijengwa, likaua wafanyakazi 75. Vyuma vikubwa vya chini, vilivyokuwa vikikandamizwa, vilitoa tumbo kwa sababu vipande vyembamba vya kuviunganisha pamoja vilikuwa dhaifu. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba tumbo lilionekana siku kadhaa kabla. Lilipimwa, likabishaniwa kama vyuma vilikuja vimepinda kutoka kiwandani. Mkaguzi akasafiri hadi New York kumwona mhandisi mshauri, naye akaagiza mzigo usiongezwe, lakini agizo halikuwafikia walioko darajani kwa wakati. Kila nikisoma habari hiyo namkumbuka mzee aliyenivuta shati. Kati yake na mimi palikuwa na ngazi moja tu, na hakuogopa kumsimamisha mhandisi mbele ya watu.

Kwa hiyo ukiwa msimamizi, usimkaripie fundi anayekuambia kitu kimepinda. Hata kama amekosea mara tisa. Kitu kinachotoa tumbo hakikupi siku mbili za kufikiri, na kilichopinda kidogo tayari kimebaki na uwezo mdogo kuliko ulioandika kwenye karatasi.

Wanaotumia programu za kompyuta nao wasikilize: ile namba inayotoka ikikuambia fremu itatoa tumbo mzigo ukizidishwa mara kadhaa, ni ya fremu iliyonyooka kikamilifu, isiyokuwepo Nairobi wala popote. Eurocode, kanuni za Ulaya, kwa miundo ya chuma inataka namba hiyo ifike 10 kabla ya kukuruhusu kupuuza athari za kuyumba katika uchambuzi wa kawaida. Ukiona 3, usifurahi kwamba umezidisha mara tatu. Na kagua kila mahali ulipoiambia kompyuta kwamba nguzo imeshikwa, kisha nenda uwanjani ukaguse kilichoishika.

Mimi siku hizi jioni ya kuamkia kumwaga slabu napita chini ya fomu na chaki. Nausukuma kila mti kwa kiganja kimoja, katikati, kwenda mbele kisha kando. Ukicheza, naupiga alama ya msalaba. Mzee hunifuata na nyundo, na alama hafuti yeye, nafuta mimi baada ya kuusukuma tena. Ijumaa iliyopita alama zilikuwa 11, giza likaingia tukiwa na nne hazijafutwa. Lori la balasti lilikuwa limeshafika na vijana wa zege wameshaitwa. Tulimwaga Jumatatu.