Kabla ya kumwambia mteja "faili yako haipo"

Ninyi mnaoanza kazi kwenye sekretariati za Bukavu, hasa zile ambako wanafunzi wa ISP (chuo cha ualimu) na UOB (chuo kikuu cha serikali) huleta TFC zao, yaani kazi za kumaliza masomo, kutwa nzima, mtaulizwa kila siku: "Ile kazi yangu ya mwezi jana bado mnayo?" Msianze kufungua dosie moja baada ya nyingine. Kompyuta ikiwa ya Ubuntu au Debian, fungueni terminali, dirisha la kuandikia amri, na muweke plocate, programu inayoleta amri ya `locate` ya kutafuta faili kwa jina:

`sudo apt install plocate`
`sudo updatedb`

Amri ya pili huzunguka diski na kuandika jina na njia (dosie ilimo) ya kila faili kwenye faharasa moja, `/var/lib/plocate/plocate.db`. Kuanzia hapo `locate` husoma faharasa hiyo, haizunguki tena diski, na ndiyo maana jibu huja mara moja. `find`, amri nyingine ya kutafuta, huanza safari upya kila ukiiita.

`locate -i tfc kahawa chap2`

`-i` huipa amri ruhusa ya kutojali herufi kubwa na ndogo. Kwa plocate, maneno yote matatu lazima yawemo kwenye njia ya faili. Kwa mlocate, programu ya zamani yenye amri hiyohiyo ya `locate`, moja tu likiwemo inatosha, hadi uongeze `-A`. Ukibadilisha kompyuta na ghafla majibu yakafurika, piga `locate --version` kwanza. Tena, toa neno la herufi tatu au zaidi: faharasa ya plocate imepangwa kwa vipande vya herufi tatu, neno fupi zaidi huilazimisha kupitia majina yote.

Mahali wengi wanapokwama ni nyota. Ukiandika `locate tfc*` unaweza usipate kitu, na faili ipo. Kwanza, shell (programu inayosoma amri unazoandika kwenye terminali) inaweza kuigeuza hiyo nyota kuwa majina ya faili za dosie ulimo. Pili, neno lenye nyota linapaswa kulingana na njia nzima, tangu mkwaju (`/`) wa kwanza, na `/home/...` haianzi na "tfc". Andika hivi:

`locate -ib 'tfc*.docx'`

Alama za kufungia huizuia shell, na `-b` huangalia jina la mwisho tu. Vilevile jihadharini na aksenti za Kifaransa. Mmoja ameandika "corrigé", mwingine "corrige", na `-i` haiwaunganishi. Tafuteni kipande kisicho na aksenti: `corrig`, au `moire` kwa "mémoire".

Sasa jambo ambalo hasa huwafanya watu waseme "haipo" kimakosa: umri wa faharasa. `updatedb` hujiendesha yenyewe mara moja kwa siku, lakini huduma yake, `plocate-updatedb.service`, ina sharti la `ConditionACPower=true`. Saa yake ikikuta laptop iko kwenye betri, zamu hiyo inarukwa bila onyo. Kwa mji ambao umeme unakatika kama wetu, laptop inaweza kubaki siku kadhaa na faharasa ya zamani. Angalieni tarehe yake:

`sudo ls -l /var/lib/plocate/plocate.db`

Ikiwa imezeeka, endesheni `sudo updatedb` wenyewe. Kwa faili ya leo asubuhi, `find` ni bora: `find ~ -iname '*kahawa*' -mtime -1`. Na kinyume chake pia hutokea: faili iliyofutwa jana bado inaonekana kwenye majibu. Hakikisheni kwa `ls` kabla ya kumwita mteja.

Fleshi na diski za nje hazimo kabisa. Kwenye `/etc/updatedb.conf`, mstari wa `PRUNEPATHS` unaruka `/media` na `/tmp`, na fleshi hufungukia ndani ya `/media`. Msiuguse mstari huo, maana fleshi za wateja zingejaza faharasa majina yasiyo yenu. Diski ya kuhifadhia kazi za zamani ipewe faharasa yake (`-U` ni mahali pa kuzunguka, `-o` ni faili ya faharasa mpya, na `-d` huiambia `locate` isome hiyo):

`updatedb -l no --prunepaths '' -U /media/bureau/ARCHIVES -o ~/archives.db`

`locate -d ~/archives.db -i kahawa`

Msisahau `-l no`. Bila hiyo, `locate` hukagua kwanza kama una ruhusa ya kuingia kwenye dosie, na diski ikiwa kabatini haikuti dosie yoyote, hivyo haitoi jibu. Ukiiweka, unajua faili iko kwenye diski ipi kabla hujaichomeka. Endesheni amri hiyo kila mara mnapomaliza kuhamishia kazi humo, diski ikiwa bado imechomekwa.

`locate` inajua majina tu. Faili iliyohifadhiwa kama "Document1" itatafutwa kwa maneno ya ndani: programu ya Recoll hufanya faharasa ya maandishi yaliyomo kwenye docx na PDF, kwa `recollindex`, kisha `recollq kahawa Kabare`. PDF iliyoskaniwa kama picha haitaonekana humo hadi maandishi yake yatolewe kwa OCR, programu inayosoma herufi zilizo kwenye picha.