Kingston na mji uliozama

*Muulize Baharia: maswali ya wasomaji*

Shikamoo Mzee. Mwalimu wetu wa jiografia alisema Kingston, mji mkuu wa Jamaika, ulianzishwa na watu waliokimbia mji uliozama baharini. Darasa zima lilicheka. Ni kweli? Sisi tunaujua kwa rege tu. (Mwanafunzi wa kidato cha tatu)

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amesema kweli tupu. Nilipokuwa baharia wa meli za mizigo, kila tulipoingia bandari ya Kingston, mji huo uliozama ulikuwa upande wetu wa kulia.

Unaitwa Port Royal, na uko kwenye ncha ya Palisadoes, rasi ndefu nyembamba ya mchanga inayoikinga bandari na mawimbi. Waingereza walikinyang'anya kisiwa kutoka kwa Wahispania mwaka 1655, wakajenga ngome pale na kuwakaribisha maharamia, maana waliopigwa na kuporwa walikuwa Wahispania. Fedha zikamiminika. Nyumba za matofali, nyingine za ghorofa, zikabanana juu ya mchanga mtupu.

Tarehe 7 Juni 1692, kabla ya adhuhuri, ardhi ikatetemeka. Mchanga uliojaa maji ukitikiswa kwa nguvu, chembe zake huachana, nao hulegea kama uji. Hauna tena uwezo wa kubeba jengo. Nyumba zikadidimia zikiwa wima. Kiasi cha theluthi mbili ya mji ikaingia baharini, na watu wapatao 2,000 wakafa siku ile ile. Mwaka 1959 wapiga mbizi waliopoa saa ya mfukoni iliyoganda matumbawe. Ilipopigwa eksirei, alama za mishale zilionyesha saa tano na dakika 43. Na kanisani Port Royal lipo kaburi la Mfaransa, Lewis Galdy: maandishi yake yanasimulia kwamba ardhi ilimmeza, tetemeko la pili likamtupa baharini, akaogelea mpaka mashua ikamwokoa. Aliishi hadi 1739.

Walionusurika walivuka maji hadi bara, upande wa pili wa bandari, wakapiga kambi ufukweni. Magonjwa yakawaua wengi tena. Hata hivyo mji ukapimwa, barabara zikanyooshwa, uwanja wa Parade ukawekwa katikati, na moto ulipoiunguza Port Royal mwaka 1703, wengi zaidi wakahamia. Huo ndio Kingston.

Lakini usiishie kwenye maharamia, mwanangu, kama wanavyofanya waandishi wengi. Kingston ulitajirika kwa sukari na kwa kuuza watu. Waafrika walishushwa kwenye gati zake na kupigwa mnada, hadi Uingereza ilipopiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807. Utumwa wenyewe uliendelea. Uhuru kamili ulikuja 1838. Wakati wote huo watumwa walijilimia chakula chao kwenye vipande vya ardhi vilivyoachwa na mashamba ya miwa, na ziada wakaipeleka sokoni siku ya Jumapili. Hadi leo wanawake wachuuzi wanateremka na mazao kutoka milimani hadi Coronation Market. Nilisimama mbele ya mama mmoja aliyekata kiazi kikuu cha njano kwa panga, akakipima, kisha akatupia pilipili mbuzi mbili na kitawi cha thimu kama nyongeza. Kwangu mimi, Kingston ni pale.

Rege nayo usiionee haya. Ilikulia kwenye mitaa ya magharibi kama Trench Town, ambako familia zilishiriki ua mmoja na jiko moja. Na kabla yake, Marcus Garvey, mpiga chapa kijana kutoka St. Ann's Bay, alianzisha chama chake cha kuwaunganisha watu weusi hapo hapo Kingston mwaka 1914. Amezikwa humo.

Mzee, niliwahi kusoma kwamba mji mkuu ulikuwa Spanish Town. Ulihama lini? Na meli bado zinafunga gati katikati ya mji? (Msomaji wa siku nyingi)

Ulihama rasmi mwaka 1872. Gavana Knowles alijaribu kuuhamisha mwaka 1755, wenye mashamba wakapinga, na London ikaurudisha Spanish Town 1758. Wafanyabiashara wa Kingston walikuwa na haki ya kuudai: meli, benki na forodha vilikuwa kwao. Tarehe 14 Januari 1907 tetemeko jingine na moto viliubomoa mji na kuua watu zaidi ya 800, ndiyo maana majengo ya serikali ya King Street ni ya zege.

Gati za zamani zilizokuwa mkabala na mji zimeondolewa. Tangu miaka ya 1960 mizigo ilihamia Newport West, magharibi mwa bandari, kwenye nafasi ya meli kubwa, na sasa ni makontena. Ufukweni mwa mji wa kale yamebaki maofisi, mojawapo makao ya Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, ambamo mataifa yanajadili nani achimbe madini ya vilindini na kwa masharti gani. Nchi zetu za pwani zina viti humo. Fuatilieni zinasema nini.