Kabla hujajaza fomu ya kozi, soma safu ya krediti

Vyuo vikikaribia kufunguliwa, wadogo zangu wa Tukuyu, Vwawa na Makete hunipigia simu. Wanauliza hosteli, bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) linaingia lini, na baridi ya Iringa ikoje. (Baridi ipo, beba sweta.) Krediti hakuna anayeziulizia.

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), krediti 1 ni saa 10 za kazi yako. Si za lekcha peke yake: semina, maabara, kujisomea na mtihani vimo humo. Shahada ya miaka 3 inataka krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, 60 kwa semista. Hizo 60 ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15, unapata saa 40 kwa wiki, sawa na mtu aliyeajiriwa. Unayetaka kufungua kibanda cha simu Mwanjelwa huku unasoma MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, piga hesabu hiyo kwanza.

Lakini krediti zinauma zaidi kwenye GPA, yaani wastani wa matokeo yako. A ni pointi 5, C ni 2, na kila pointi inazidishwa kwa krediti za kozi. Tuseme una kozi mbili, moja ya krediti 12, nyingine 8. Ukipata A kwenye ya 12 na C kwenye ya 8, ni 60 jumlisha 16, gawa kwa 20: 3.8. Geuza, A iwe kwenye ya 8: 24 jumlisha 40, gawa kwa 20, unabaki na 3.2. A ni ileile, C ni ileile, ila daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Kwa hiyo ukiona muda wa kusoma umebana, kozi nzito ndiyo ile yenye krediti nyingi, hata kama mwalimu wake anachosha.

Kozi za hiari ndipo vijana wanapoburuzwa. Mwaka wa pili anakwambia, "Chukua ile, mwalimu wake hana noma," nawe unajaza. Fungua prospektasi, kitabu cha chuo chenye orodha ya kozi, uone kama inahesabika kwenye programu yako, na kama itakufaa huko unakotaka kwenda.

Jina la shahada nalo lisomwe hadi mwisho. Shahada ya Sanaa na Shahada ya Sanaa pamoja na Elimu zinafanana kwenye tangazo, ila ya pili, kama wanavyoisoma pale Mkwawa, chuo cha elimu cha Iringa, ina kozi za ualimu na mazoezi ya kufundisha. Ukimaliza ya kwanza kisha ukautaka ualimu, itabidi urudi kusomea stashahada ya uzamili ya elimu.

Na muhtasari wa kila kozi utunze. Ukija kuomba kuhamishia krediti chuo kingine, kule watataka kuona ulifundishwa nini. Jina la kozi kwenye transkripti halitawatosha.