Nguzo imesimama wima, lakini chini ikoje?

Nguzo ya umeme mbele ya nyumba yangu imebadilishwa, na kwa macho ilikuwa nzima kabisa. Walijuaje kuwa imeoza? (Msomaji, Mafinga)

Pengine walichimba. Nguzo huoza zaidi pale inapoingia ardhini na sentimita 30 hivi kwenda chini, maana hapo unyevu na hewa hukutana, na kuvu hutaka vyote viwili. Isitoshe, dawa ya kuzuia kuoza hunywewa na mbao ya nje tu. Kiini cha nguzo ya mkaratusi huikataa. Ufa ukifika kwenye kiini, uozo huanzia ndani na nje pakabaki panang'aa.

Naona mafundi wakigonga nguzo kwa nyundo. Karne hii?

Karne hii hii. Nguzo nzima hulia kavu na nyundo huruka. Iliyooza hutoa mlio mzito. Shida ni sikio: bodaboda ikipita, umepoteza. Ndiyo maana kuna vifaa vya mawimbi ya sauti. Unabandika vihisi pande mbili za nguzo, unagonga upande mmoja, kifaa kinapima muda. Wimbi likikuta uozo hulazimika kuuzunguka, likachelewa kufika.

Kuna kipimo kinachoonyesha mbao iliyobaki ni kiasi gani?

Kipo, rezistografu. Ni drili yenye sindano ndefu, ncha yake kama milimita 3, inayochora grafu ya ugumu kadiri inavyozama: mstari ukiporomoka, umefika kwenye uozo. Huingizwa kwa mshazari ili ifike chini ya usawa wa ardhi.

Grafu hiyo ina thamani kwa sababu uozo wa ndani na wa nje haulingani kwa madhara. Chukua nguzo ya kipenyo cha sentimita 20. Tundu la sentimita 10 katikati kabisa huipunguzia nguvu ya kuhimili kupinda kwa asilimia 6 tu. Lakini ikiliwa sentimita 1 kwa nje, kuizunguka yote, imepoteza asilimia 27! Kwa hiyo hata mwenye mashine ya bei mbaya ningemwambia ashike jembe kwanza, akwangue udongo, atazame.

Nguzo iliyong'olewa naweza kuipasua kuni?

Hapana. Ile ya rangi ya kijani ina dawa yenye shaba, kromi na aseniki, na aseniki ni sumu isiyoungua ikaisha. Hubaki kwenye majivu na nyingine hupanda na moshi. Nyeusi yenye dawa ya kreosoti nayo usiipeleke jikoni.