Kabla ya Kufunga Mwamba: Ushauri kwa Wanaokwenda Kupima Uvuvi Visiwani

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana aliyehitimu masomo ya uvuvi na kupangiwa kazi katika wilaya ya visiwa. Aliniuliza mambo mawili: atapimaje hali ya samaki mahali ambapo kumbukumbu za kuaminika hazipo, na atafanyaje ili wavuvi wayakubali matokeo yake. Namjibu hapa kwa sababu najua wengi wenu mnaosoma mna nia kama yake, ya kufanya kazi itakayofaa baharini badala ya kulala kabatini, na kwa sababu swali lake la pili limenigusa mahali ambapo bado panauma.

Sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya katika visiwa vya Mafia. Upande wa magharibi visiwa hivi vinatazamana na delta ya Rufiji na mikoko yake mingi, na maji yake yana matope, kamba na dagaa. Upande wa mashariki na kusini kuna miamba ya matumbawe, yenye changu, pono, chewa, kambakoche na pweza. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Ndani ya eneo hilo wanaishi watu: kuna Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu, na kila kisiwa kina waganga wa maji yake, yaani wazee wanaojua kina, mkondo na msimu wa kila kipande cha mwamba. Mpimaji anayekwenda huko hana budi kuelewa kwamba mstari atakaopendekeza uchorwe kwenye ramani utapita juu ya chungu cha mtu.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba ratiba ya upimaji ifuate mwezi na upepo. Niliwahi kushiriki katika mradi ambao waliousimamia walipanga wakusanya takwimu wawe dikoni, yaani pwani ambapo vyombo hushusha samaki, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Nilieleza kwa maandishi kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa na hushushwa alfajiri, na kwamba pweza wengi huchokolewa wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa ndipo maji hutoka mbali na mwamba kuwa wazi. Nilieleza pia kwamba vipimo vya kaskazi peke yake haviwezi kuusemea mwaka, kwa sababu kusi kikivuma vyombo vidogo haviendi mwamba wa nje, na wavuvi hulazimika kuvua ndani ya ghuba, samaki wengine na kwa zana nyingine. Sikusikilizwa. Ripoti ilipotoka, ilisema kwamba uvuvi wa pweza katika eneo lile ni mdogo na hauhitaji kushughulikiwa kwa haraka, ilhali mimi mwenyewe nilikuwa nimewaona akina mama wakirudi na ndoo za pweza ambao wengi wao hawakufika nusu kilo.

Pili, usipime samaki bila kupima jasho. Uzito wa samaki walioshushwa dikoni hauna maana mpaka ujue ni wavuvi wangapi waliokwenda, kwa chombo gani, kwa zana gani, kwa saa ngapi, na walikwenda wapi. Mashua iliyoleta kilo nyingi leo huenda imevua mwamba wa mbali ambao miaka iliyopita hapakuwa na haja ya kuufikia, na mafuta yake yamegharimu zaidi. Ukiandika kilo tu, utasema uvuvi haujabadilika. Ukiandika na mahali na muda, utaona kwamba samaki wamepungua na wavuvi wanawafuata kwa gharama. Samaki wa kundi ndio wanaodanganya zaidi. Chewa hukusanyika mahali maalumu kwa ajili ya kutaga, na mvuvi anayepajua atapata kitoweo kizuri kila msimu hata kama bahari nzima imekwisha chewa, mpaka msimu mmoja arudi bila kitu. Tena chewa wengi huanza maisha wakiwa majike na hugeuka madume wanapokuwa wakubwa, kwa hiyo mshipi unaochagua wakubwa unaondoa madume kwanza.

Kwa sababu hiyo nasisitiza urefu. Ubao wa kupimia samaki ni wa bei nafuu kuliko kifaa chochote cha maabara, na anayeutumia vizuri huweza kujua mambo matatu ambayo kijiji chochote kitayaelewa: ni sehemu gani ya samaki waliovuliwa imeshafikia umri wa kuzaa, ni sehemu gani imevuliwa kabla ya kuzaa hata mara moja, na kama wazazi wakubwa bado wapo. Amueni tangu siku ya kwanza mtapima hadi ncha ya mkia au hadi kwenye panda ya mkia, na asiwepo wa kubadilisha katikati. Kila samaki aandikwe kwa aina yake, kwa kuwa ndani ya hao wote wanaoitwa changu mna aina kadhaa zisizokua kwa kasi moja.

Kuna wavuvi ambao orodha ya kijiji haiwajui. Nawazungumzia wa dago, wanaokuja kwa msimu kutoka Unguja, Kilwa na Bagamoyo, wakapiga kambi kwenye visiwa visivyo na wakazi na kuuza moja kwa moja kwa vyombo vya wachuuzi vilivyobeba barafu. Samaki wao wakubwa hawafiki diko lolote la kijiji. Mpimaji anayewaacha atawatwika wenyeji lawama ya mavuno ambayo hawakuyavuna, na wenyeji watajua hivyo kabla hajamaliza kusoma ukurasa wa kwanza. Nendeni dago. Ni kazi ya kuchosha, maji ya kunywa ni ya kubeba, lakini nendeni.

Kuhesabu samaki chini ya maji nako kuna nafasi yake, na wenye uwezo wa kuzamia wahesabu kwenye mistari ileile mwaka hadi mwaka. Hata hivyo, mkikuta mwamba umekufa, msikimbilie kuandika jina la mvuvi. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi Mafia, hasa kwenye mwamba wa Tutia, na hakuna dema, yaani mtego wa samaki, wala mshipi uliohusika na joto lile. Baruti na juya, yaani wavu wa kuburuta, navyo vimefanya uharibifu wake, na waliovitumia wanastahili lawama. Haki inataka kila sababu ipewe uzito wake.

Sasa niseme juu ya pweza, kwa kuwa hapo ndipo nilipofanya kazi ninayojivunia kuliko nyingine zote. Pweza wa miambani kwetu, ambaye wataalamu humwita Octopus cyanea, huishi takriban mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu, hukaa pangoni akilinda mayai bila kula, na hufa yanapoanguliwa. Ukuaji wake ni wa kasi sana, kiasi kwamba mwamba ukiachwa kwa miezi mitatu hivi tofauti ya uzito huonekana kwa macho. Kanuni zetu za uvuvi zinakataza pweza aliye chini ya gramu 500, lakini kanuni haina nguvu mbele ya mama ambaye kitoweo cha watoto wake kinategemea maji yakitoka. Kijiji cha Andavadoaka nchini Madagaska kilianza mwaka 2004 kufunga mwamba kwa muda, yaani kuzuia uvuvi wa pweza hapo ili wakue, na baada ya hapo utaratibu huo ukaenea katika Bahari ya Hindi ya magharibi, ukafika na kwetu, Kisiwa Panza kule Pemba kikiwa miongoni mwa waliouchukua.

Katika kijiji kimoja cha kusini ya Mafia tuliupima mwamba kabla ya kuufunga. Wapimaji walikuwa mabinti wa kijiji wenyewe, wakiwa na mizani na daftari, chini ya BMU, yaani kikundi cha kijiji cha kusimamia rasilimali za uvuvi. Tulipima bamvua baada ya bamvua, kusi na kaskazi, mwamba utakaofungwa na mwamba utakaoachwa wazi, ili baadaye asitokee mtu wa kusema kwamba pweza wameongezeka kila mahali kwa sababu ya msimu tu. Kisha tulijadiliana sana kuhusu siku ya kufungua. Mwamba uliofunguliwa bila utaratibu hufaidisha wazamiaji wenye miwani na boti kutoka mbali, na faida ya miezi humalizwa kwa siku mbili. Iliamuliwa kwamba akina mama waanze na maji ya kwanza, wazamiaji wafuate, na bei ikubaliwe na wachuuzi mapema kwa kuwa pweza wengi wakitoka kwa pamoja bei huporomoka. Siku ilipofika, mizani ilisema yenyewe. Mzee aliyepinga kufunga tangu mkutano wa kwanza ndiye aliyetaka tarehe ya kufunga tena itangazwe palepale.

Najivunia, na nasema hivyo waziwazi. Lakini kazi ileile ilipowasilishwa mjini, katika semina ya taasisi ambayo sitaitaja, kijiji hakikualikwa, wale mabinti hawakutajwa, na jina langu lilikuwa limeondolewa. Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza na hadi leo hakuna nakala yake kijijini. Nilipokwenda kuomba ridhaa ya kupima kisiwa cha jirani, bibi mmoja aliniambia: "Mwanangu, kila anayekuja na mzani huondoka na hesabu zetu, na sisi hatuzioni tena." Sikuwa na la kumjibu ila kukaa naye na kumsomea hesabu za jirani zake kutoka kwenye daftari langu mwenyewe.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili, mdogo wangu. Wavuvi watayakubali matokeo waliyoyaona yakizaliwa. Rudisheni takwimu kila baada ya msimu, kwa Kiswahili, kwenye baraza la kijiji, mkichora michoro mikubwa ukutani na mkitaja waliopima. Msiseme samaki wamepungua mpaka wazee wameulizwa walikuwa wakivua wapi na kwa muda gani katika ujana wao, na majibu yao yameandikwa pamoja na vipimo. Mtumishi wa umma anayeficha takwimu za uvuvi anawanyima wenye bahari haki yao, na sioni cheo wala ufadhili unaoweza kuhalalisha jambo hilo.

Kwa hiyo miezi yako ya kwanza usipendekeze kufunga kitu chochote. Fuata taratibu za vibali vya utafiti, jitambulishe kwa serikali ya kijiji na BMU, chagua madiko machache unayoweza kuyafikia alfajiri na usiku, kisha anza na pweza, kwa sababu maisha yake ni mafupi na kijiji kitaona matokeo kabla ya mwaka kwisha. Chewa na changu waache waandikwe tu kwa sasa, aina, urefu, zana na mahali, na mapendekezo juu yao uyafikishe kwenye baraza utakapokuwa na vipimo vya kusi na kaskazi za miaka miwili vya kulinganisha.